Sifuri Hasi kwenye Ukuta wa Mama

Kazi yangu ni kuandikia mashine namna ya kuonyesha namba. Ukiniuliza kwenye harusi nitakwambia ninafanya mambo ya kompyuta, kwa sababu nikianza kueleza zaidi watu hutazama sahani zao. Ukweli ni kwamba kampuni iliyoniajiri huuza vipimajoto vya vyumba vya baridi, vile vinavyohifadhi samaki na nyama, na mimi ndiye ninayeamua kile kibao chekundu cha mlangoni kitaandika nini. Chumba kikiwa nyuzi nne juu ya sifuri au nyuzi nne chini yake, tarakimu ni ile ile. Kinachotofautisha samaki wa kuuzwa na samaki wa kutupwa ni alama ndogo iliyosimama mbele.

Wengi hawalijui jambo hili: mashine ukiiacha yenyewe huandika alama ya kutoa bila kuombwa, lakini ya kujumlisha haiandiki mpaka uiamuru. Namba chanya hupita kimya, namba hasi hujitangaza. Kwenye vyumba vya baridi tunaamuru zote mbili ziandikwe, maana mtu akiona nne tupu hajui kama alama haipo au taa yake imeungua. Nimegombana na wateja kuhusu hilo na nitagombana tena.

Shida iko kwenye sifuri. Chumba kikiwa chini ya sifuri kwa kiasi kidogo sana, kiasi ambacho kibao hakina nafasi ya kukionyesha, mashine hukikadiria kuwa sifuri, lakini haisahau kilitoka upande gani. Inaandika kutoa, kisha sifuri. Sifuri hasi. Wateja walikuwa wakiipiga picha na kututumia wakicheka, na mkubwa wangu akaniambia niiondoe. Dawa yake ni rahisi hata unaona haya kujisifia: unaichukua ile sifuri hasi, unaijumlisha na sifuri ya kawaida, na alama inafutika. Mstari mmoja tu. Niliuweka kwenye programu za kazini nikaendelea na maisha yangu.

Wakati huo Mama alikuwa akiishi peke yake Kariobangi, ghorofa ya nne, katika nyumba ile ile tulimolelewa. Mimi nilikuwa nimehamia Donholm, karibu kiasi cha kwenda kula kwake Jumapili na mbali kiasi cha kutoulizwa kila siku nitaolewa lini. Baba alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mbao, kile cha mikono, na Mama alipotoka jikoni na mkate alikuta chai imepoa na Baba pia. Majirani walimshusha ngazi wakiwa wamemfunga kwenye blanketi. Kutoka hapo alienda hospitali, kutoka hospitali akaenda mochari, na kutoka mochari tukasafiri naye moja kwa moja hadi magharibi, kwao, tukamzika kando ya shamba la mihogo.

Hakurudi tena kwenye ile nyumba, hata kwa kupita tu, na jambo hilo lilimsumbua Mama kuliko nilivyojua. Kwao, mtu akifia ugenini, kuna anayetumwa kurudi mahali pale pale alipokata roho, amwite na kumwambia kwamba safari imeiva, twende. Asipoitwa hubaki. Habaki kwa ubaya, hubaki kwa kutojua kwamba wenzake wameondoka. Baba hakuitwa. Basi lilikuwa limekodiwa, kamati ya mazishi ilikuwa ikizozana kuhusu masufuria, na kaka zangu walikuja kutoka mbali wakazika na kuondoka. Mimi mwenyewe sikuijua desturi hiyo mpaka baadaye, na ningelijua ningelicheka.

Kisha Mama akaanza kuniambia kwenye simu kwamba Baba anakuja.

"Jana alichelewa," alisema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akitumia Baba akiwa hai na zamu ya kiwandani ikirefuka.

Baba alikuwa na mazoea. Akipanda ngazi jioni, goti likimuuma, alisimama kila ghorofa kupumzika, na akifika ya tatu aligonga ukuta kwa ufunguo, ili Mama ajue aweke maji ya ugali motoni. Sauti ilipanda ndani ya ukuta ikatokea jikoni. Sasa Mama alisema ukuta unagonga tena, jioni jua likishuka, na yeye huitikia, na huweka maji motoni.

Nilifikiri ni majonzi. Nilimwomba mchungaji wake apite kumwona, naye akapita, akaomba, akala, na alipokuwa akiaga ukuta ukagonga. Alishuka ngazi bila mwavuli wake na hakuwahi kuurudia. Hapo ndipo nilipokasirika, maana nilijua habari itazunguka jumuiya nzima kwamba mjane wa ghorofa ya nne ana mambo. Nikaenda mwenyewe siku ya kazi, nikakaa jikoni na mikono kifuani, nikingoja kumwonyesha kwamba hakuna kitu.

Mwanga wa dirishani uligeuka rangi ya chai. Chini, mafundi wa jua kali walikuwa wakimalizia kugonga mabati, nao wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Kisha ukuta uligonga. Haikuwa sauti ya bomba wala ya jirani. Ilikuwa kavu, ya kitu kigumu kikigusa saruji, ndani kabisa, ikanyamaza, ikagonga tena. Mama alisema "karibu" bila kuinua macho kutoka kwenye mboga alizokuwa akichambua. Mimi si mtu wa mapepo, lakini nilijikuta nimetazama mlango.

Mlango haukufunguka. Wala haukuweza kufunguka, kwa kweli, kwa sababu nilipotaka kutoka nilihitaji kuuvuta kwa mikono miwili.

Chini ya jengo, mlangoni, palikuwa na fundi seremala, mtu wa kutoka upande wa Mlima, aliyekuwa amefanya kazi pale tangu nikiwa shule. Nilimwuliza kama anaweza kuutazama mlango wa Mama.

"Ya mathe? Si nimepiga randa juzi," alisema. "Sistee, ni hii mvua. Mbao zimefura ploti mzima. Saa hii kazi yangu ni milango tu."

"Milango ya nani?"

"Ya wote. Hawa wa upande wa nyuma nimewapigia randa mara mbili. Natoa kidogo hapo juu, inafunga fiti, wiki ikiisha imekwama tena."

"Hizo mbao ni za zamani kuliko mimi," nikamwambia. "Zingefura, zingefura kitambo."

Alitazama maranda ya mbao yaliyolala miguuni pake. Nakumbuka aliyasukuma pembeni kwa kiatu, taratibu. Kila mpangaji alikuwa amemwita kwa siri yake, kila mmoja akidhani ni mlango wake tu, na yeye alikuwa amezunguka ghorofa baada ya ghorofa akiwakatia watu milango iendane na nyumba.

Nilirudi juu nikavuta kabati la vyombo lililoegemea ukuta ule uliogonga. Nyuma yake, kutoka darini hadi sakafuni, ukuta ulikuwa na ufa. Haukuwa mpana. Ungeweza kuingiza ukucha. Lakini pande zake mbili hazikulingana: mstari unaotenganisha rangi ya maziwa na ya kijani, ule wa kila nyumba ya kupanga, ulikuwa umekatika hapo, na upande wa nje ulikuwa umekaa chini kidogo. Nilimpigia ajenti wa jengo. Alisema ni plasta, madam, plasta hufanya hivyo, atatuma mtu wa rangi.

Nina hasira za karibu, kila mtu wa kwetu atakwambia. Lakini hasira yangu ya siku hiyo haikuwa na pa kwenda, kwa hivyo niliipeleka kazini. Nilichukua kifaa cha zamani ambacho tulikuwa tukipimia kusogea kwa milango mizito ya vyumba vya baridi: kisanduku na kijiti chake. Nilikibandika kisanduku upande mmoja wa ufa na kijiti kikaegemea upande wa pili. Kila saa kingepima, kilinganishe na saa iliyotangulia, na kuandika tofauti kwa milimita. Ukuta wa nje ukipanda, kujumlisha. Ukishuka, kutoa. Kibao chekundu nikakitundika jikoni, na ndani yake nikaweka laini ya simu ili namba ile ile inifikie kwa ujumbe popote nilipo. Programu sikuandika mpya. Nilichukua ya vyumba vya baridi, nakala ya kale niliyokuwa nayo nyumbani, ile ya kabla ya mkubwa wangu kulalamika.

Mama alikitazama kile kibao kwa muda.

"Kinakula stima?"

"Kina betri yake."

"Na kinanitazama?"

"Kinatazama ukuta, Mama."

Nilipokuja Jumapili iliyofuata alikuwa amekifunika kitambaa cha kufuma, kama alivyofunika redio na mito na kila kitu ndani ya nyumba ile. Namba ilionekana kupitia matundu ya uzi, nyekundu. Kutoa sifuri.

Kwenye simu yangu ilikuwa hivyo hivyo. Kutoa sifuri asubuhi, kutoa sifuri mchana, nikiwa kwenye mkutano, nikiwa kwa msusi. Jambo la kwanza nililohisi, nakiri bila aibu, ni kuudhika kwa fundi aliyekuta kazi yake mbovu. Nikafungua programu ili nipachike ule mstari wangu mmoja. Vidole vilikuwa tayari kwenye vitufe.

Sijui ni nini kilichonisimamisha. Labda ni yale maranda chini ya kiatu cha seremala. Nilijiuliza mbona kibao hakijawahi kuandika kujumlisha sifuri. Ukuta mzima hupumua: jua la mchana huupanua, baridi ya jioni huurudisha, na kifaa kizuri huona yote mawili. Alama ingepaswa kubadilika kutwa, saa hii kujumlisha, saa ile kutoa, bila maana yoyote. Nilirudi nyuma kwenye ujumbe wote niliopokea. Nilipandisha kidole kwenye kioo cha simu mpaka kikaniuma. Ukuta wa Mama ulikuwa ukitoa pumzi tu. Haukuwa umevuta hata mara moja.

Basi badala ya kuifuta alama nilikipa kibao nafasi zaidi baada ya nukta, nikakiacha kiseme chote. Saa iliyofuata kiliandika sehemu ndogo ya milimita, kushuka. Saa iliyofuata vivyo hivyo. Kidogo, kidogo, bila kukosa zamu.

Nilimpigia ajenti tena. Nilimwambia jengo linashuka upande wa nyuma na lina watu ndani. Aliniuliza mimi ni mhandisi wa ujenzi? Nikamwambia la. Akaniuliza basi hiyo mashine imesema sentimita ngapi, na nilipomwambia haijafika hata milimita moja kwa saa, nikasikia akicheka na mtu aliyekuwa naye. Nilimwita jina ambalo siwezi kuandika hapa. Kisha nikapanda kwa Mama kumtoa.

Sikuwa na shaka kwamba atatoka. Nani angekaa? Lakini Mama alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imelala kwenye leso mapajani, kisha akaniuliza nimeshakula.

"Mama, nimekwambia nyumba inaanguka."

"Nimekusikia. Hiyo yako imeandika nini leo?"

"Inashuka. Kila saa inashuka."

"Na mwanzo ilikuwa inaandika nini?"

"Kutoa sifuri."

"Na sifuri ni nini?"

"Ni hakuna kitu."

"Basi ilikuwa inasema hakuna kitu, na wewe ukaogopa." Alisema hivyo kwa upole, na hilo likaniudhi zaidi. "Na mimi nasikia kitu kila jioni, wewe unasema hakuna."

Tulibaki hapo mpaka jua lilipoanza kushuka. Sikutaka kuwa ndani ya nyumba ile na sikuweza kuondoka nimwache. Nilijikuta nimekaa na nyayo zote mbili sakafuni, nikiisikiliza kwa miguu. Maji kwenye sufuria ya Mama yalikuwa yamekusanyika upande mmoja, upande wa dirisha. Aliigeuza sufuria kwa kitambaa, bila kufikiri, jinsi alivyokuwa ameshazoea kuigeuza. Kisha ukuta uligonga. Safari hii haikuwa mara mbili. Iligonga, ikagonga, ikateremka kuelekea chini, kama mtu anayeshuka ngazi na si kupanda, na vumbi jembamba likamwagika kutoka nyuma ya kabati. Kupitia matundu ya kitambaa cha kufuma niliona namba ikibadilika. Haikuwa tena sehemu ya milimita. Ilikuwa moja, nzima, na kutoa mbele yake.

"Karibu," Mama akasema.

"Usimkaribishe!" Nilipiga kelele, na ndiyo mara pekee maishani mwangu nilipompigia Mama kelele. "Si Baba. Ni nyumba, Mama. Ni nyumba inavunjika."

Alinitazama. Macho yake hayakuwa ya mtu aliyepotea akili, na ningependa hilo lieleweke.

"Unafikiri sijui?" alisema. "Niliuona huo ufa kabla yako. Mimi ndiye niliyesukuma kabati hapo. Lakini yeye alikatia roho kwenye kile kiti, na hakuna aliyerudi kumwita. Nikitoka mimi, anabaki na nani? Nyumba ianguke akiwa ndani peke yake?"

 Nilikuwa nimekuja na namba, na namba ilikuwa sahihi, na haikuwa na lolote la kusema kuhusu hilo. Nilihisi upweke wake wote ukinijia kwa mara moja, jioni zake zote za kuweka maji ya watu wawili motoni, nami Donholm nikitazama simu. Nililia. Kisha nikamwuliza marehemu huitwaje, na nani humwita.

"Kwa kawaida ni mtoto wa kiume," alisema. "Lakini wako mbali. Sauti yako anaijua."

Tulifanya asubuhi, mara tu palipokucha. Usiku ule Mama alikubali kulala chini kwa seremala, kwenye karakana yake iliyo nje ya jengo, kati ya mbao, na mimi nilikaa mlangoni. Asubuhi tulipanda sisi wawili. Mama alikuwa amejifunga leso na kuvaa viatu vya kanisani. Alisimama kwenye kizingiti, hakuingia, akaniashiria nisimame mbele ya kiti. Nilijiona mjinga sana. Hapo nyuma yangu kibao kilikuwa kikiwaka, na sikugeuka kukitazama.

"Baba," nikasema. Sauti ilitoka ya mtoto. "Baba, hapa hapafai tena. Tunahama. Mama ameshafunga vitu vyake, amekungoja wewe tu. Inuka twende."

Nilingoja, sijui nilingoja nini. Kisha nikainua kiti. Kilikuwa kiti nilichokisogeza kila Jumamosi ya utoto wangu nikipiga deki, na nilijua uzito wake. Nilikibeba ngazi zote zile nikiwa nimekikumbatia, uso wangu kwenye mgongo wake, na kila ghorofa ilinibidi nisimame nikitue. Mama alikuwa mbele yangu na kila niliposimama naye alisimama. Hakuniharakisha hata mara moja. Ningependa kusema kilikuwa kizito kwa sababu sikuwa nimelala.

Nilikuwa nimegonga milango jana yake na kuwaonyesha watu namba kwenye simu, nao walinisikiliza kwa heshima wakarudi kwenye chakula chao. Asubuhi hiyo walimwona mjane akishuka na kiti cha mumewe kikibebwa nyuma yake, na hakuna aliyeuliza namba. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alitazama kiti, akamtazama Mama, akaingia ndani na kuanza kutoa godoro. Wengi wa pale ni watu wa magharibi kama sisi, wanajua maana ya marehemu kuitwa atoke. Wale wa upande wa Mlima, wasio na desturi hiyo, waliwaona wenzao wanatoa magodoro, na seremala akawaambia yeye aliyoyajua.

"Milango si mbao," aliwaambia, akishikilia randa yake kana kwamba wangeipokonya. "Milango ni nyumba. Tokeni."

Kufikia Jumatano jengo lilikuwa limebaki na paka. Alhamisi alasiri liliketi. Sina neno lingine. Wote walioona walisema hivyo, kwamba halikuanguka, liliketi, upande wa nyuma kwanza, na vumbi likafika mpaka sokoni. Hakuna aliyeumia. Watu waliniita kunishukuru na nikashindwa kula siku mbili.

Jambo ninalotaka kusema kuhusu kile kifaa ni hili. Kilikuwa chini ya vifusi, na kisanduku chake ni cha chuma, na betri ilikuwa nzima. Saa mbili hivi baada ya jengo kuketi, simu yangu ililia. Nilikuwa jikoni kwangu, Mama akiwa sebuleni. Kilikuwa kimeandika kujumlisha sifuri. Naelewa kwa nini: kijiti kilikuwa kimeng'oka, hakikugusa chochote, kwa hivyo kila saa kililingana na saa iliyopita, na namba ukiitoa kwenye namba ile ile unabaki na sifuri isiyo na upande, na mimi ndiye niliyeamuru sifuri ya namna hiyo ipewe alama ya kujumlisha. Naelewa kila hatua. Lakini ilikuwa kujumlisha ya kwanza kuipata kutoka kwenye nyumba ile, na iliendelea kuja kila saa, tulivu, siku nzima na siku iliyofuata, kutoka chini ya zege lile lote. Nilikuwa nikiigeuza simu kifudifudi ili nisione. Ilipokoma nilihisi vibaya zaidi.

Mama alihamia kwangu, kwenye nyumba yangu ya chini katika koti yetu ya Donholm, yaani nyumba kadhaa zenye geti moja. Kiti cha Baba tulikiweka karibu na dirisha. Alikuwa salama, na nilikuwa nikijiambia hivyo kila nikipita: yuko salama. Lakini jioni jua likishuka alizima redio akakaa akisikiliza, na kuta za nyumba yangu ni imara, hazikusema kitu. Siku moja, nikiwa nimemwambia kwamba nitakula kazini, nilimkuta ameweka maji machache motoni, ya mtu mmoja. Hakuwahi kufanya hivyo.

"Hakuja," alisema.

"Mama, nilimwita. Ulinisikia."

"Nilikusikia. Ulimwambia tunahama. Ulimwambia inuka twende." Alifunika sufuria. "Ulimwambia tunahamia wapi?"

Niliyapitia maneno yangu moja moja jinsi ninavyopitia mistari ya programu. Sikuwa nimemwambia. Baba hakuwahi kufika kwangu. Goti lake lilikuwa limemzuia, na mimi sikuwahi kumpelekea gari.

Jumamosi hiyo tulirudi Kariobangi. Vifusi vilikuwa vimezungushiwa mabati, na kando yake maisha yalikuwa yakiendelea, mafundi wakigonga, mtu akiuza viazi. Mama alisogea mpaka kwenye mabati, akapata mahali penye mwanya, akauweka mdomo wake hapo. Hakunong'ona. Aliongea kwa sauti ya kumwelekeza mgeni kwenye simu, na mwenye viazi akaacha kukaanga akatusikiliza.

"Ukitoka hapa shika Outer Ring," alimwambia. "Usiingie njia ya soko, watu ni wengi. Teremka nayo tu mpaka Donholm. Ukiona daraja la miguu, hapo ndipo. Ingia ndani, upite kanisa, upite wale wanaouza mitumba, utaona koti yenye geti la kijani. Ni nyumba ya chini. Kiti chako kiko dirishani. Nimekuwekea."

Akapangusa kutu mdomoni kwa ncha ya leso, kisha akanigeukia.

"Kuna kitu nimesahau?"

Mimi ndiye niliyekuwa nikiishi pale. Mimi ndiye niliyejua mambo ya pale.

"Mwambie geti hufungwa saa nne," nikasema.

Akamwambia.